Somo: Mi-fa-fi-fa, sauti inayonyata kwenye muziki wa James Bond

Vijana ninaowafundisha gitaa wengi huomba tuanze na wimbo wa James Bond, na wote wanaitaka ile solo. Mimi huwaanzishia chini yake. Solo ile ikipigwa peke yake ni tamu, ila haimshtui mtu. Kinachosisimua mwili ni sauti moja tu ndani ya kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja): inapanda nusu hatua, inapanda tena, kisha inarudi, kama mtu anayenyata ukutani gizani. Ukishaishika hiyo, umeushika muziki wenyewe.

Andaa gitaa la nyuzi sita, zimewekwa sawa kama kawaida: E A D G B E. Uzi wa sita ni ule mnene.

Hatua ya 1: Imba kabla ya kushika gitaa.
Wanakwaya hapa mna bahati. Imba mi, fa, fi, fa. Hiyo fi ni fa iliyopandishwa nusu. Ipe kila sauti mapigo manne, polepole, ukigonga mguu. Usisonge mbele mpaka fi ikae mahali pake bila kusaidiwa na ala. Wengi huipitiliza wakaangukia so, na hapo mnyato wote umepotea.

Hatua ya 2: Ipeleke kwenye vidole.
Shika kodi ya E ndogo (E minor): kidole cha shahada uzi wa tano freti ya 2 (freti ni vile vyuma vilivyolala kwenye shingo ya gitaa; bonyeza nyuma tu ya chuma), cha kati uzi wa nne freti ya 2, nyuzi nyingine wazi. Sauti ya uzi wa tano hapo ndiyo mi. Sasa usiinue vidole hivyo viwili. Ongeza cha pete, uzi wa tano freti ya 3: fa. Ongeza kidole cha mwisho, uzi huohuo freti ya 4: fi. Kiondoe, umerudi fa. Kiondoe cha pete, umerudi mi. Vidole viwili vimetulia palepale muda wote, viwili vinatembea. Angalia mkono wako ukipiga: mnyato unauona kwa macho.

Hatua ya 3: Solo.
Yote iko kwenye uzi wa sita. La ni uzi wazi, ti ni freti ya 2, do ni freti ya 3. Piga: la, titi, ti, tiii, la la la. Halafu: la, dodo, do, dooo, ti ti ti. Tumia kipigio (kile kipande kidogo cha plastiki cha kuchapia nyuzi), na sogeza mkono wa kulia karibu na daraja la gitaa ili sauti iwe kavu yenye makali. Aliyeipiga kwa ajili ya filamu ya kwanza, Dr. No ya mwaka 1962, ni Vic Flick, mpiga gitaa wa studio wa Uingereza. Sikiliza anavyouchapa uzi, wala haubembelezi. Ukiwa na mwenzako, mmoja ashike hatua ya 2 na mwingine solo.

Hatua ya 4: Kodi ya kufungia.
Uzi wa sita wazi, wa tano freti ya 2, wa nne freti ya 1, wa tatu na wa pili wazi, wa kwanza freti ya 2. Telezesha kipigio kutoka juu kwenda chini mara moja, uache ilie mpaka iishe yenyewe. Inauma kidogo masikioni, na ndivyo inavyotakiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Mimi napiga kinanda kanisani, sina gitaa. Nafanyaje?

Marahaba. Kwako ni rahisi zaidi. Mkono wa kushoto ushike E. Wa kulia: kidole gumba E, cha kati G, na cha mwisho kitembee B, C, C kali, C. Usikanyage pedali, vinginevyo sauti zitachanganyika na mnyato hautasikika.

Kaka, kidole changu cha mwisho hakifiki freti ya 4 bila kuziba uzi wa nne.

Shusha kiwiko na usogeze kifundo cha mkono mbele kidogo, kidole kitasimama wima. Kama bado, funga kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 5 ufanyie mazoezi huko, kwa kuwa freti zinabanana. Kila siku chache rudi freti moja nyuma.

Nani hasa aliutunga muziki huu wa Bond? Wengine wanasema John Barry.

Mtunzi ni Monty Norman. Sehemu ya muziki huo alikuwa ameitunga awali kwa ajili ya tamthilia ya nyimbo ambayo haikufika jukwaani. Barry ndiye aliyeupanga kwa gitaa na matarumbeta tunayoyasikia, na kazi yake ni kubwa mno. Suala hilo lilifika mahakamani London, na mwaka 2001 Norman alishinda.

Na Mission: Impossible? Nikipiga makofi napotea kila mara.

Unapotea kwa sababu unatafuta mapigo manne, nao Lalo Schifrin aliutunga kwa mapigo matano, kwa ajili ya tamthilia ya televisheni ya mwaka 1966. Sema kwa mdomo: dum-ta-ta, dum-ta-ta, dum-ta, dum-ta. Kofi lilie kwenye dum tu. Mbili ndefu, mbili fupi. Waliokulia kwenye chakacha wataziweza zile tatutatu mara moja, shida huwa kwenye mbilimbili.

Mwalimu, kati ya nyimbo za Bond za kuimbwa unaupenda upi?

Najua wengi hapa ni wa Adele. Skyfall yake ndiyo ya kwanza kati ya nyimbo za Bond kupata Oscar, na ulistahili. Lakini mimi ni Goldfinger ya Shirley Bassey, 1964. Yale matarumbeta ya mwanzo yanafunguka kama mlango mzito, halafu anaingia yeye. Sauti ya mwisho anaishikilia muda mrefu mpaka mimi msikilizaji najikuta nimebana pumzi. Wiki ijayo leteni gitaa zenu, tutauanza huo.