Kuangalia viumbe na mimea ya asili katika kidimbwi cha nyumbani: mwongozo kwa wakazi wa Tabora

Kidimbwi kidogo nyuma ya nyumba, kikichimbwa kabla ya mvua za Novemba na kuachwa bila samaki, kitamwonyesha mwenye nyumba mengi ya maisha ya majini katika nchi hii ya miombo. Nasisitiza kuacha samaki kwa sababu wengi huanza kwa kutia perege, nao perege hula mayai ya vyura na wadudu wa majini kabla mwangaliaji hajapata cha kutazama.

Hatua ya 1: Chimba

Upana wa mita 2 hadi 3 unatosha, na kina cha sentimeta 60 katikati. Upande mmoja ushuke taratibu ili chura, ndege na nyuki wanaokuja kunywa wapate pa kukanyaga. Tandika turubai zito la nailoni, au shindilia udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa huvimba na kuziba, ingawa ukiachwa ukauke hupasuka na kuvujisha. Penye watoto wadogo, uzio utangulie maji.

Hatua ya 2: Panda mimea ya hapa hapa

Yungiyungi la samawati hupandwa katikati, na matete machache pembeni. Omba vipande kwa jirani mwenye bwawa au chukua kwenye mtaro ulio karibu, wala usichume katika hifadhi: ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, inayogusa mikoa ya Kigoma na Tabora, ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, na mimea yake ibaki huko. Gugumaji likataeni hata mkipewa bure. Asili yake ni Amerika Kusini, na wanaolijua Ziwa Victoria wanafahamu jinsi linavyofunika maji na kuyanyima mwanga.

Hatua ya 3: Kagua viluwiluwi vya mbu kila wiki

Mkoa wetu una malaria nyingi, kwa hiyo hatua hii haina hiari. Katika maji yenye joto, yai la mbu huweza kufikia mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili, na ndiyo maana ukaguzi wa mara moja kwa mwezi haufai. Teka maji ya ukingoni kwa bakuli jeupe, tulia kidogo, kisha tazama. Kiluwiluwi cha anofelesi, mbu anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Cha kuleksi, aina nyingine ya mbu, huning'inia kichwa chini, kikipumua kwa mrija ulio mkiani. Katika wiki za mwanzo utawaona wengi, kwa kuwa mbu hufika mapema kuliko maadui zake, na wakati huo uwachote kwa kipande cha chandarua. Baadaye wadudu wanaoogelea chali na tunutu wa kereng'ende, yaani watoto wake waishio majini, huanza kuwala. Viluwiluwi vya mbu vikizidi hata hivyo, tumia dawa ya kibayolojia ya viluwiluwi, kama ile inayotengenezwa Kibaha: bakteria wake hushambulia utumbo wa kiluwiluwi cha mbu na hawadhuru vyura.

Hatua ya 4: Tafuta dalili za kuzaana

Mnyama aliyepita na mnyama aliyezaa ni habari mbili tofauti, nami huipa ya pili uzito mkubwa zaidi. Baada ya mvua kubwa za kwanza, toka na tochi usiku, na asubuhi yake utafute mayai. Chura mwenye chunjua hutaga mayai yaliyopangika katika uzi mrefu, mfano wa mkufu wa shanga nyeusi uliozungushwa kwenye majani, ilhali vyura wengine wengi hutaga mafungu. Ukiona povu jeupe kwenye tawi lililoinama juu ya maji, usiliguse. Hicho ni kiota cha chura wa mitini: jike hulipiga povu kwa miguu ya nyuma, sehemu ya nje hukauka na kuhifadhi unyevu ndani, na baada ya siku chache viluwiluwi vya chura huteremka majini.

Kwa kereng'ende, pekua mashina ya matete alfajiri. Tunutu aliyekomaa hupanda shina, ngozi yake hupasuka mgongoni, kereng'ende hutoka na kuliacha ganda limeng'ang'ania palepale. Hesabu maganda kuliko kuhesabu wanaoruka, maana anayeruka huenda amekuja kutoka mbali, bali ganda linathibitisha kwamba amekulia katika maji yako.

Hatua ya 5: Ndege

Keti mahali palepale, saa ileile, hatua kumi hivi kutoka majini. Mdiria mdogo mwenye mdomo mwekundu huhitaji kijiti cha kutua, msimikie kimoja. Fundichuma hutembea kwenye maji mafupi akikoroga tope kwa miguu ili mawindo yatoke.

Hatua ya 6: Andika, na uendelee kiangazi

Daftari liwe na tarehe, saa, hali ya hewa, kina cha maji na ulichokiona. Picha za simu unaweza kuziweka iNaturalist, mtandao wa watu wanaorekodi viumbe na mimea, ili wengine wakusaidie kutambua. Mmea upigwe jani, ua na shina, kwa kuwa ua peke yake mara nyingi halitoshi. Kuanzia Juni maji hupungua. Ukijazia ya bomba, yaache wazi kwenye pipa kwa siku moja au mbili ili klorini ipungue, kisha uyamimine kidogo kidogo, na uandike siku uliyojazia ili usije ukadhani ongezeko la kina lilitokana na mvua.