Kabla ya kumlaumu jirani kwa sumu: homa ya nguruwe huingiaje bandani

"Daktari, hawa wamelishwa sumu." Ndilo neno ninalopokelewa nalo karibu kila ninapoitwa kwenye boma ambako nguruwe watatu wamekufa usiku mmoja. Mama mmoja, nyumba yake si mbali na barabara ya Tororo kwenda Malaba, mashariki mwa Uganda, aliniambia vivyo hivyo huku akitazama upande wa kwa shemeji yake. Alikuwa na nguruwe sita. Watatu walishakufa. Jike mkubwa alikuwa amelala kwenye kona, masikio yamegeuka rangi ya zambarau iliyoiva, tumbo lina mabaka mekundu, na wadogo wawili wamejibana ubavuni mwake kana kwamba kuna baridi, na ilikuwa saa sita mchana. Majani ya viazi aliyowatupia jana yake jioni yalikuwa palepale, yamenyauka, hayajaguswa.

Habari ya shemeji niliiacha. Nilimuuliza hivi: katika siku 15 zilizopita, ni nani au ni kitu gani kimeingia hapa kikitokea kwa nguruwe wengine?

Akasema hakuna. Akaleta chai. Tukiwa kwenye chai akakumbuka kwamba dume la kijiji lililetwa kumpanda jike, lakini hilo ni la siku nyingi, kama wiki mbili hivi. Halafu akakumbuka mwenye bucha alikuja kutazama nguruwe wa kuuza, akaingia bandani, akawashika mgongo, akatoa bei mbaya, akaondoka. Na Jumapili walinunua kilo mbili za nyama ya nguruwe sokoni kwa sababu mtoto alikuwa amerudi kutoka shule. Maji ya kuoshea ile nyama yalikwenda wapi? Akanyamaza kidogo. Yalikwenda kwenye ndoo ya makapi, na ndoo ya makapi ilikwenda kwa nguruwe.

Kikombe kimoja cha chai, milango mitatu.

Ninauliza siku 15 kwa sababu. Nguruwe akishapata kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika, kwa kawaida dalili huonekana ndani ya wiki mbili. Anaweza kuanza kuugua siku ya nne tu, na mara chache huchelewa hadi siku 19. Tena anaweza kuanza kutoa kirusi siku mbili hivi kabla hujaona lolote. Kwa hiyo ukisema "lakini yule dume alikuwa mzima kabisa", hujanithibitishia kitu.

Ugonjwa wenyewe

Huu ni ugonjwa wa huku kwetu. Maelezo yake ya kwanza ya kitaalamu yaliandikwa mwaka 1921 kutokana na vifo vya nguruwe wa walowezi nchini Kenya. Porini kirusi kinaishi ndani ya ngiri na ndani ya papasi, aina ya kupe, wanaokaa kwenye mashimo ya ngiri, na ngiri mwenyewe haugui. Kikiingia mwilini mwa nguruwe wa nyumbani ndipo balaa. Mwaka 2007 ulifika Georgia, mwaka 2018 ukaingia China, na kote huko ulisafiri kama unavyosafiri hapa: ndani ya nyama, kwenye gari, kwenye viatu.

Wafugaji wanaopakana na mbuga za Murchison Falls, Queen Elizabeth au Ziwa Mburo wana sababu ya kuwaza juu ya ngiri. Sisi wa Tororo, Busia na Mbale hatuna haja ya kumsingizia mnyama wa porini. Hapa ugonjwa unatoka nguruwe kwenda nguruwe, na katikati yao yuko mtu.

Binadamu haambukizwi. Hilo ni jema, ila limetuponza pia, maana mtu anakula nyama ya nguruwe mgonjwa, haumwi tumbo, na anahitimisha kwamba hakukuwa na ugonjwa.

Dawa hakuna. Vietnam waliruhusu chanjo itumike nchi nzima mwaka 2023, lakini ilitengenezwa kwa aina ya kirusi tofauti na ile inayotusumbua Uganda, kwa hiyo anayekuuzia "chanjo ya homa ya nguruwe" kichochoroni anakuuzia maji. Vilevile zile sindano za oksi na penisilini wanazodungwa nguruwe wakianza kulala. Hizo ni dawa za bakteria. Kuna ugonjwa mwingine wa ngozi kuwa nyekundu, wenye mabaka ya pembe nne, ambao penisilini inautibu, na ndiyo maana hata mimi sithubutu kusema kwa macho tu kwamba hii ni homa ya nguruwe. Damu inapimwa maabara.

Sindano, kamba na mwenye bucha

Niseme langu kwanza. Nilipoanza kazi hii nilikuwa na gambuti moja na sindano mbili. Siku ya chanjo za magonjwa mengine au ya dawa za minyoo nilipita nyumba nne, tano, nikiingia kila banda na gambuti zilezile, nikidunga nguruwe wa huyu na wa yule kwa sindano ileile niliyoifuta kwa pamba. Damu ya nguruwe mgonjwa imejaa kirusi. Tone moja ndani ya tundu la sindano linatosha. Siwezi kuapa kwamba niliua nguruwe wa watu, wala siwezi kuapa kwamba sikuua. Leo ukiniita, nidai sindano mpya kwa kila boma, na ukiona nimefika na matope ya nyumba nyingine kwenye buti, nirudishe getini. Sitakasirika. Daktari atakayekasirika, tafuta mwingine.

Mwenye bucha na dalali wa nguruwe ndio wanaotembea kuliko sote. Kazi yao ni kuingia banda hadi banda. Asubuhi amechinja, mchana yuko kwako na aproni ina damu, kamba aliyofungia nguruwe wa jana imeviringwa kwenye boda boda. Si mtu mbaya. Anatafuta riziki, na ndiye anayeleta pesa. Lakini hana sababu yoyote ya kukanyaga ndani ya banda lako. Anaweza kumwona nguruwe akiwa nje ya uzio, na kamba itoke kwako.

Kuna jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Uvumi wa ugonjwa ukianza kijijini, bei inashuka, na kila mtu anakimbilia kuuza kabla hajapata hasara. Ada ya shule iko mlangoni, nguruwe ndiye benki. Namwelewa kabisa anayefanya hivyo. Ila ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Nguruwe aliyeanza kukataa chakula leo anachinjwa kesho kwa bei ya hasara, matumbo yanatupwa nyuma ya bucha, mbwa wanayabeba, na nyama inaenda vijiji vitatu ndani ya mfuko wa plastiki. Kirusi hakifi kwa kuchinjwa. Ndani ya nyama iliyowekwa kwenye baridi kinakaa miezi, kwenye nyama iliyogandishwa kinakaa miaka, na hata nyama ya kukaushwa kwa moshi haiaminiki.

Unachoweza kufanya bila pesa nyingi

Banda lenye uzio ndilo la kwanza, liwe la mbao, la mianzi, la matofali, lolote ulilonalo. Desturi yetu ya kuwafunga nguruwe kwenye mti msimu wa mazao na kuwaachia baada ya mavuno ndiyo inayowakutanisha na mizoga, na majalala ya sokoni, na nguruwe wa kila mtu. Ukishindwa kujenga la wote, punguza idadi. Nguruwe wanne ndani ya uzio watakulipia ada. Kumi wanaozurura watakuliza.

Mlangoni weka viatu vya bandani ambavyo havitoki hapo. Hata malapa ya zamani yanafaa. Nimegundua hili linashinda beseni la dawa, kwa sababu beseni linajaa matope siku ya pili na hakuna anayelibadilisha. Ukitaka beseni, basi litunze: kwanza sugua kiatu kwa maji na sabuni ya unga mpaka kinyesi kiishe, maana dawa haipenyi uchafu, ndipo uchovye. Na nguvu ya dawa iwe ya kweli. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limewahi kutaja klorini ya 2.3% kwa dakika 30. Jiki ya dukani ina karibu 3.5%. Maana yake ni vikombe viwili vya Jiki kwa kikombe kimoja cha maji. Kile kifuniko kimoja ndani ya ndoo ya lita 20 kinatoa harufu tu. Usiichanganye na dawa nyingine, na ilinde mikono na macho.

Makapi ya jikoni na ya hotelini: kama yamegusana na nyama ya nguruwe, usiwape. Najua pumba imepanda bei na mabaki ya hoteli ni ya bure. Kama huna njia nyingine, yachemshe, yaani yatokote nusu saa nzima au zaidi huku ukikoroga mpaka chini, kisha yapoe. Kuyapasha moto hakutoshi. Machicha ya pombe, maganda ya muhogo na majani ya viazi hayana tatizo hilo, mradi hayajachumwa mahali nguruwe wa watu wanapolala.

Dume la kijiji ndilo gumu zaidi kulitatua, kwa sababu si kila mtu anaweza kufuga la kwake. Jike akiwa kwenye joto huna muda wa kusubiri. Majirani watatu au wanne mnaofahamiana mnaweza kuwa na dume moja ambalo halitoki nje ya kundi lenu, na mkubaliane kwamba akiugua nguruwe wa mmoja, siku hiyohiyo wote mnajua. Nimeona likifanya kazi pale watu wanaposema ukweli, na nimeona likivunjika kwa siku moja ya kuficha.

Nguruwe mpya, hata kama ametoka kwa dada yako, akae peke yake siku zisizopungua 30, na alishwe wa mwisho.

Akifa mmoja

Usichinje waliobaki. Usiuze, usigawie majirani nyama, na usimpasue kutazama amekufa na nini, maana damu itakayomwagika ndiyo mbegu. Funga mlango, mwambie mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na afisa mifugo wa kaunti ndogo. Sheria ya magonjwa ya wanyama inakutaka uripoti, lakini zaidi ya sheria, ni damu iliyochukuliwa mapema itakayotuambia ni nini. Inapelekwa maabara ya taifa ya magonjwa ya wanyama kule Entebbe. Ndiyo, karantini ikija soko la nguruwe linafungwa, na watu watakununia. Watakununia zaidi wakijua uliuza.

Mzoga uzikwe, na shimo liwe refu, juu yake ubaki udongo wa mita moja au zaidi, mbali na kisima. Mizoga inayotupwa kwenye mto au kwenye kinamasi inaupeleka ugonjwa vijiji vya chini. Kinyesi na matandiko ya banda vichomwe au vizikwe pamoja naye. Kisha sugua, piga dawa, rudia, na acha banda tupu siku 40. Anayepona, na wapo wachache, usimuuze wala usimzalishe, kwa sababu anaweza kuendelea kukibeba kirusi.

Baada ya hizo siku 40 usijaze banda. Ingiza nguruwe wawili tu wa kujaribia, uwaangalie kila siku kwa wiki sita.

Yule mama alipoteza wote sita. Majibu ya damu yalipokuja alikwenda mwenyewe kwa shemeji yake, na walichoambiana sijui. Nilipopita tena alikuwa na vinguruwe wawili, wiki ya nne. Getini kulikuwa na malapa mawili ya bluu yaliyofungwa kwa waya yasije yakaibiwa, na mizani ya mwenye bucha ilikuwa imeninginizwa kwenye tawi la mwembe ulioko barabarani, mita hamsini kutoka bandani. Sasa mama anapiga picha nguruwe kwa simu, bei wanakubaliana kwanza, ndipo mtoto anamtoa mnyama mpaka mwembeni. Nikamuuliza, je, mnunuzi akigeuka pale mwembeni na kukataa? Akasema hilo walishalipangia: nguruwe aliyefika mwembeni harudi bandani, analala kwenye kibanda kidogo cha kando mpaka apatikane mnunuzi mwingine.