Buti ya sivii jointi ikipasuka: ingia kwa mlango wa ndani

Niligundua kwa grisi, wala si kwa mlio. Nilikuwa nimeinama kuokota funguo, nikaona upande wa ndani wa rimu ya mbele kushoto umetapakaa mistari myeusi, na shokapu nayo imerushiwa. Kuchungulia kwa tochi: buti ya nje ya shafti (mpira unaofunika jointi iliyo upande wa tairi, kwenye fito inayotoka gia boksi kulizungusha tairi) imechanika kwenye mkunjo, mdomo wazi.

Mimi si fundi. Ni mwalimu wa fizikia, na gari langu ni Corolla 110 inayoyajua mashimo ya Kihonda kuliko inavyoijua lami. Lakini kazi hii nimeifanya uani kwangu mara mbili sasa. Buti yenyewe ni mpira wa bei ndogo tu. Kinachokula pesa ni mchanga ukishaingia. Ndani ya sivii jointi, yaani kiungo cha nje kinachoiwezesha shafti kuzungusha tairi hata likiwa limekatwa kona, mna gololi sita zinazotembea kwenye mifereji iliyonolewa laini kabisa, na mchanga ukichanganyika na grisi unakuwa msasa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, nenda mahali pa wazi, kata usukani mpaka mwisho, endesha polepole. Ukisikia ka-ka-ka-ka, umechelewa. Tafuta jointi nyingine. Pakiwa kimya, fanya kazi wiki hiyohiyo.

Dukani nunua buti ya nje yenye klipu zake mbili na pakiti ya grisi. Nunua na seti ya buti ya ndani, hata kama ya zamani ni nzima. Utaelewa sasa hivi. Zile buti zilizopasuliwa kiwandani ili uzibandike kwa gundi bila kufungua shafti, mimi sizitaki: tone moja la grisi kwenye ule mshono na gundi haishiki.

Mara ya kwanza kabisa nilimpelekea fundi mmoja. Aliibana shafti, akaipiga jointi ya nje kwa nyundo mpaka ikang'oka, akavalisha buti, akairudisha kwa nyundo ileile. Haikupita mwezi ikaanza kulia. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba kwa shafti ya Corolla hii, jointi ya nje haiguswi. Unafungua jointi ya ndani, ile ya magurudumu matatu wanayoiita tripodi, na buti ya nje inapitia huko, inateleza juu ya shafti mpaka kwao. Ndiyo maana nikasema ununue seti zote mbili: klipu za ndani lazima uzikate.

Gari likiwa bado chini, penye usawa, hendibreki juu, magurudumu ya nyuma yamewekewa kabari: toa kifuniko cha rimu, nyoosha kotapini, ile pini inayozuia nati isifunguke, na uitoe pamoja na kofia ya nati. Kijana wangu alikanyaga breki, mimi nikafungua nati kubwa kwa soketi ya 30 na bomba refu. Legeza nati za tairi, piga jeki, weka stendi. Tofali halibebi gari. Linapasuka bila kuaga.

Tairi likishatoka, boli jointi (kiungo cha chini kinachoishika habu, yaani kitovu cha tairi) imefungwa kwenye mkono wa chini kwa bolti moja na nati mbili, zote spana 17. Zikitoka, ukandamize mkono chini kwa bomba, habu nzima inakuwa huru kuvutika nje. Usiuache mpira wa breki ubebe uzito wa habu, ifunge habu kwa kamba. Ncha ya shafti ikigoma kutoka kwenye habu, rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha, weka kipande cha mbao, gonga. Ukigonga chuma kwa chuma utaharibu nyuzi.

Sasa kata klipu za ndani, vuta buti nyuma, futa grisi, weka alama kwenye kikombe (ganda la jointi ya ndani), tripodi na shafti ili virudi vilivyokuwa. Nilitumia wino mweupe wa kufutia makosa, ambao mwalimu hakosi. Vuta shafti, kikombe kinabaki kwenye gia boksi, na uzuri wake ni kwamba oili haimwagiki. Kifunike kwa mfuko wa plastiki. Toa ringi ya kuzuia kwenye ncha ya shafti, kisha gonga tripodi itoke, kwa kipande cha shaba au mbao ngumu, bila kugusa magurudumu yake.

Kuosha ndiko kunakoamua kama jointi itaishi. Mafuta ya taa, beseni, zungusha jointi kila upande, mwaga, rudia. Mimi nilirudia mara tatu, mpaka nikisugua tone kati ya vidole sisikii chenga. Kisha jua. Mafuta ya taa yakibaki ndani yataiyeyusha grisi mpya.

Zungushia selotepu kwenye meno ya shafti yasikate mpira, halafu valisha kwa mpangilio: buti ya nje na klipu zake, ndipo buti ya ndani na zake. Nilisahau klipu ndogo ya ndani nikaitoa tripodi upya, huku kijana anacheka. Tripodi ina upande mmoja ambao meno yake yamechongwa mshazari. Upande huo uelekee jointi ya nje. Grisi nyeusi ni ya nje, ya manjano ni ya ndani. Ishindilie katikati ya gololi, inayobaki iende kwenye buti. Grisi ya kawaida ya bushi haifai hapa.

Kabla ya kubana klipu, inua ukingo wa buti kwa kitu butu hewa itoke, la sivyo itavimba kama puto. Klipu nilizibana kwa koleo la fundi nondo. Waya unakata mpira, usiutumie.

Vyote vikisharudi mahali pake, kwenye kukaza, nati ya shafti inataka nyutoni-mita 216, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Sina spana ya kipimo, ila nina mizani ya kuning'iniza. Simamisha bomba wima, gari likiwa chini na breki imekanyagwa, funga mizani mita 1 kutoka katikati ya nati, vuta kwa mlalo mpaka isome kilo 22. Bomba likiwa wima uzito wake hauingii kwenye hesabu. Nati za tairi, 103, ni kilo 10 na nusu kwa urefu uleule. Kotapini iwe mpya.

Jumapili nilizunguka uwanja wa shule, usukani umekatwa mpaka mwisho, dirisha wazi. Kimya. Siku mbili baadaye niliingia tena chini na tochi: pakavu. Nikamulika na upande wa kulia, nikakuta mikunjo ya buti imeanza kufanya nyufa.