Dawa ya presha usiku na mshipa wa jicho

Kama unameza dawa za presha usiku na una glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho), au jicho moja lilishawahi kufifia ghafla, muulize daktari wako kama inafaa uzihamishie asubuhi. Muulize kwanza jamani, usihamishe mwenyewe wala usiache dawa, presha ikipanda ni balaa lingine. Sababu ni kwamba ukilala presha inashuka yenyewe, kwa wengi asilimia 10 hadi 20, sasa dawa ikifanya kazi muda huohuo inaweza kushuka zaidi na damu ikapungua pale mshipa wa fahamu wa jicho unapoanzia, ambapo nyuzi kama milioni 1 zimebanana kwenye kitundu cha milimita 1.5 hivi, zikikosa damu zinavimba, zikivimba zinaminya vimishipa vya damu vilivyo jirani, na zikishakufa hazioti tena. Huenda ndo maana wengi wanaopatwa na hili wanaamka tu asubuhi wanakuta jicho moja lina giza, mara nyingi nusu ya chini, na wala haliumi.

Kuhamisha saa za dawa hakutatosha kama unakoroma na kukatika pumzi usingizini, hiyo itibiwe kivyake. Na kama umevuka miaka 50, panja zinauma, taya linauma ukitafuna na macho yanafifia, achana na habari ya saa za dawa, kimbia hospitali siku hiyohiyo, huenda mishipa ya damu yenyewe imevimba na jicho la pili linaweza kufuata ndani ya siku chache.