Hakiki faili la ISO kabla ya kuchoma diski ya Linux
Kabla ya kuchoma diski ya kusakinishia mfumo endeshi wa Linux, ninakusihi uhakiki kwanza, kwa amri ya sha256sum (inayokokotoa alama za kutambulisha faili), faili la ISO ulilopakua, yaani taswira nzima ya diski hiyo, kisha ulinganishe alama 64 utakazopata na zile zilizotolewa na watengenezaji, kwa kuwa faili lililoharibika wakati wa kupakuliwa linaweza kukwamisha usakinishaji katikati, hali diski kuu imekwisha kufutwa. Katika programu ya kuchomea, chagua kuchoma taswira ya diski. Ukinakili faili lenyewe kama data ya kawaida, kompyuta haitaweza kuwaka kwa diski hiyo. Punguza pia kasi ya kuchoma. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7 tu, hivyo faili likizidi hapo, tumia flashi.