Kabla ya kupandikiziwa konea, uliza ni tabaka gani limeugua

Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ina unene wa takriban nusu milimita tu. Hata hivyo ina matabaka, na siku hizi upasuaji hufuata tabaka lililoharibika.

Zamani njia ilikuwa moja. Tarehe 7 Desemba 1905, mjini Olomouc, Eduard Zirm alimpandikizia konea mtu aliyeunguzwa na chokaa, na jicho moja likapona. Kwa miongo mingi baada yake, kovu, konea iliyochongoka na konea iliyovimba maji vyote vilitibiwa hivyo hivyo: kukata duara la konea nzima, kama milimita 8, na kushonea la marehemu. Mwaka 1998 Gerrit Melles wa Uholanzi alieleza njia ya kubadilisha tabaka la ndani peke yake.

Tabaka hilo lina seli zinazosukuma maji nje ya konea, na zikifa hazizaliwi upya. Hufa kwa ugonjwa wa Fuchs, au baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho uliokuwa mgumu. Dalili yake ni ukungu mzito asubuhi unaopungua kadiri mchana unavyosogea, kwa kuwa usiku kope hufunga na maji hayakauki. Ukiwa na dalili hiyo, uliza kama hospitali inafanya DMEK au DSAEK, yaani upasuaji unaobadilisha tabaka hilo la ndani peke yake. Katika DMEK, utando mwembamba mno huingizwa kupitia tundu lisilozidi milimita 3, kisha kiputo cha hewa huukandamiza mahali pake. Lala chali kama ulivyoagizwa, hata mgongo ukichoka: utando ukibanduka, itabidi hewa iingizwe tena. Kama kimetumika kiputo cha gesi, usipande ndege mpaka daktari akuruhusu.

Konea iliyochongoka huwapata zaidi vijana, hasa wenye mzio na wanaofikicha macho. Acha kufikicha. Ikigunduliwa mapema, matone ya riboflavini (vitamini B2) na mwanga wa urujuanimno huikaza isiendelee kuchongoka, na lenzi ngumu humsaidia mgonjwa kuona. Ikifika pa kupandikiza, DALK hubadilisha matabaka ya mbele na kuliacha la ndani la mgonjwa mwenyewe, ambalo mwili hauwezi kulikataa. Likitoboka katikati ya kazi, daktari huhamia konea nzima. Mwulize mapema kuhusu hilo.

Konea nzima bado inahitajika pale kovu linapopita matabaka yote. Nyuzi, mara nyingi 16, huweza kukaa mwaka au zaidi, na uoni hutulia polepole. Kidonda hakirudii nguvu yake ya awali, kwa hiyo kinga jicho dhidi ya kipigo maisha yote. Kama kope zimepinda kwa trakoma, zirekebishwe kwanza, la sivyo zitakwaruza konea mpya.

Usiache matone ya steroidi, dawa inayozuia mwili kuikataa konea mpya, kwa sababu unaona vizuri, wala usiyaendeleze bila kupimwa presha ya jicho. Jicho likiwa jekundu, likichukia mwanga, likiuma au uoni ukipungua, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama miaka imepita. Mwili unaoanza kuikataa konea mara nyingi hutulizwa kwa steroidi za mfululizo, mradi zianze kabla seli za ndani hazijaisha.