Jalada likitoka masjala, liache kadi

Ndugu zangu wa masjala, jalada lisitoke kabatini bila kadi kubaki mahali pake: namba ya jalada, aliyelichukua, tarehe. Niliwahi kutafuta jalada la kiwanja siku tatu, kumbe liko mezani kwa mkubwa, chini ya magazeti, na mzee wa watu yuko kwenye benchi nje anasubiri. Inauma sana.

Kila karatasi inayoingia ipeni namba ya folio, yaani namba yake ya mfuatano ndani ya jalada, siku hiyohiyo, kona ya juu kulia. Folio 14 ikinyofolewa, pengo linaonekana palepale.

Halafu pini na klipu za chuma zitoeni kwenye majalada ya zamani. Kwa unyevu wetu huu wa Pwani zinashika kutu, na kutu inatoboa karatasi.